Mpiga klarineti anapohamia tarumbeta: midomo kwanza, vidole baadaye

Krismasi ikikaribia, vikundi vya matarumbeta katika makanisa ya Mbeya, Rungwe na Iringa huanza kutafuta watu. Vijana wamekwenda vyuoni, wengine wamehamia Dar es Salaam, na tarumbeta zao zimebaki kabatini. Anayeombwa kwanza ni yule anayepiga klarineti au saksafoni, kwa hoja kwamba kupuliza tayari anajua. Makala hii imeandikwa kwa ajili yake. Walimu wa tarumbeta mikoani kwetu ni wachache, hivyo wengi hujifundisha wenyewe, na wanaoishia njiani mara nyingi wangeweza kufika mbali.

Unayohama nayo ni mengi: kusoma nota, kuhesabu mapigo, kuvuta pumzi ya chini, kusikia sauti inaposhuka. Usichohama nacho ni ridi, kile kibamba chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa chombo. Kwenye klarineti na saksafoni kinachotetema ni ridi, midomo inaishikilia tu. Ndiyo maana saksafoni, japo mwili wake ni wa shaba, huwekwa kundi moja na klarineti. Kwenye tarumbeta midomo yenyewe ndiyo inayotetema, na misuli yake haijawahi kupewa kazi hiyo hata kama klarineti umeipiga tangu shule ya msingi.

Kwa hiyo anza bila chombo. Funga midomo kana kwamba unatamka "m", kaza pembe zake, kisha pitisha hewa katikati mpaka ilie kama mtoto anayeigiza gari linalopanda mlima. Mlio ukitulia, fanya hivyo hivyo ukiwa umeshika kipulizio (kipande kinachogusa midomo) peke yake, ukijaribu kufuata wimbo mfupi unaoujua. Hapo ndipo tabia za zamani hujitokeza. Mpiga klarineti amezoea kukaza taya ili kuidhibiti ridi. Akifanya hivyo hapa, nafasi ya hewa inajifunga na sauti inakatika. Legeza taya, acha meno yaachane, kazi ifanywe na pembe za midomo. Ulimi nao haugusi tena ridi: unagusa nyuma ya meno ya juu, kama unavyotamka "ta". Aliyetoka kwenye fluti hapa ana nafuu, kwa kuwa ulimi wake tayari uko mahali hapo.

Sasa vidole, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Ukiwa umezoea kwamba mpangilio wa vidole ndio unaoamua nota, tarumbeta itakushangaza. Bila kubonyeza chochote unapata do, so, do ya juu, mi, so, na zaidi ya hapo ukiimarika. Pistoni, yaani vitufe vya kubonyeza, ni tatu: ya pili hushusha sauti nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Mchanganyiko wake unakupa urefu 7 wa bomba, sawa na nafasi 7 za bomba la kuvuta la tromboni. Angalia skeli ya kwanza: mi unaipata kwa pistoni ya kwanza na ya pili, na la unaipata kwa pistoni hizo hizo. Vidole havitakwambia uko wapi. Sikio ndilo litakaloamua, na midomo itatii.

Ndiyo maana nasisitiza: imba kwanza. Sisi tuliolelewa kwenye kwaya za tonik solfa, zinazosoma do-re-mi, tuna hazina kubwa hapa, na ni vibaya kuiacha kanisani. Imba "so", ishike kichwani, kisha ipige. Ikitoka do badala ya so, usibadili vidole. Ongeza kasi ya hewa, kaza pembe kidogo. Re ya chini, inayotumia pistoni ya kwanza na ya tatu, huwa juu kidogo kwa maumbile ya chombo, kwa hiyo sukuma nje bomba la pistoni ya tatu.

Kosa linaloumiza watu ni kukandamiza. Nota za juu zikigoma, mkono unaivuta tarumbeta mdomoni, na kweli nota hutoka, kwa dakika chache. Damu inazuiwa, midomo inavimba, kesho yake hata klarineti haitoki vizuri. Piga kidogo, pumzika kwa muda ule ule uliopiga, rudia. Siku unayopiga vyombo vyote viwili, anza na klarineti. Ukipata nafasi ya kuchagua, napendekeza uanze na baritoni, ndugu mkubwa wa tarumbeta mwenye sauti nzito: kipulizio chake ni kikubwa, midomo hutetema kwa urahisi zaidi.

Jambo jingine ni jina la nota. Tarumbeta nyingi ziko katika B flati, yaani nota iliyoandikwa C husikika kama B flati ya kinanda, kama klarineti ya kawaida, hivyo karatasi ya bendi utaisoma bila kubadilisha kitu. Lakini Wamoravian waliofungua misheni Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin waliofika mwaka huo huo, walitoka Ujerumani, na vikundi vya matarumbeta vya makanisa ya huko husoma nota kama zinavyosikika kwenye kinanda, moja kwa moja kutoka kitabu cha nyimbo. Ukikuta kikundi chako kinafuata mtindo huo, nota isiyobonyezwa itaitwa B flati, si C. Uliza kabla ya kupiga, la sivyo utakuwa toni nzima mbali na wenzako.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina neno. Hewa ya ndani ya bomba ikipoa kwa nyuzijoto 10 za Selsiasi, sauti hushuka karibu theluthi ya nusu toni. Pitisha pumzi ya joto ndani ya chombo kabla ya ibada ya asubuhi, ndipo ulinganishe na kinanda.

Pistoni zinataka mafuta yake maalumu. Mafuta ya kupikia hugandamana na kuzikwamisha. Na kwa kuwa vyombo vya vikundi hupita mikononi mwa wengi, osha kipulizio kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila unapokipokea kwa mwenzako, na tena kabla ya kumrudishia.