Kodi rahisi si lazima iwe kodi ya haki

Kila bajeti ikikaribia kusomwa mwezi Juni, Nairobi nzima hugeuka wataalamu wa kodi, kuanzia kwenye matatu hadi kwenye lifti za ofisi. Mengi yanayosemwa ni malalamiko halali. Mengine si kweli, na yanatufanya tudai mageuzi yasiyotufaa.

"Wenye vibanda hawalipi kodi."
Hii hupendwa na walioajiriwa, kwa sababu PAYE yao, yaani kodi ya mshahara, hukatwa kabla mshahara haujaingia benki. Huenda mama mboga wa Kangemi halipi kodi ya mapato, lakini sabuni anayonunua ina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Kredo ya simu ina ushuru, kisha VAT. Dizeli ya lori lililomletea sukuma ilipandishwa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Na kwa kuwa karibu kila shilingi yake huishia kwenye matumizi, kodi hizo humuuma kuliko zinavyomuuma mkazi wa Lavington anayeweza kuweka akiba.

"Ukiongezwa mshahara ukaingia kiwango cha kodi cha asilimia 30, unabaki na kidogo kuliko mwanzo."
Hapana. Kiwango kipya hutoza kile kilichozidi tu. Tuseme mapato yako yanayotozwa kodi yametoka 32,000 hadi 35,000 kwa mwezi. Shilingi 333 za kwanza za nyongeza, hadi kufika 32,333, bado hutozwa asilimia 25, na 2,667 zilizobaki asilimia 30. PAYE inaongezeka kwa kama 883, na zaidi ya 2,100 ni zako. Kwa hivyo usikatae cheo kwa sababu ya hesabu za kijiweni.

"Bidhaa kusamehewa VAT ni sawa na kutozwa asilimia sifuri."
Kwa mnunuzi zinafanana, kwa mtengenezaji sivyo kabisa. Unga wa mahindi ukiwa kwenye asilimia sifuri, mwenye kinu hudai kurudishiwa VAT aliyolipia mifuko na vipuri. Bidhaa ikisamehewa tu, hadai chochote, na gharama hiyo hujificha ndani ya bei. Ndiyo maana kuhamisha bidhaa kutoka orodha moja hadi nyingine, jambo linaloonekana dogo kwenye mswada, kunaweza kupandisha bei dukani bila mtu kutangaza kodi mpya.

"Tutoze wote kiwango kimoja cha asilimia ya mauzo, iwe rahisi na ya haki."
Hapa ndipo ninapogombana na wengi. Urahisi huo tunao tayari: biashara ndogo yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo. Fomu ni fupi. Lakini mauzo si faida. Chukua mwenye duka la jumla Nyamakima aliyeuza mali ya milioni 2, akabaki na asilimia 5, yaani 100,000. Kodi ni 60,000. Kinyozi aliyeingiza milioni 2 hizo hizo akabaki na nusu hulipa 60,000 vilevile. Mmoja ametoa zaidi ya nusu ya faida yake, mwingine kama asilimia 6. Sheria humruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa kodi ahamishiwe kodi ya faida, ila hapo atahitaji vitabu vya hesabu, na anayeumia zaidi mara nyingi ndiye asiye na mhasibu. Mimi ningeanza mageuzi hapo, kwa viwango tofauti kulingana na aina ya biashara, hata kama fomu itarefuka kwa mstari mmoja.

"Wakubwa husamehewa kodi kimyakimya, na sheria inaruhusu."
Hairuhusu. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha utokane na sheria, uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kifungu hicho hicho kinakataza sheria yoyote kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya cheo chake. Mwananchi ana haki ya kuomba rekodi hizo.