Odboj: kisa cha jenerali aliyekalia kiti cha adui

Wacheki wana neno odboj. Kwa Kiswahili tungesema ukinzani au mapambano ya chinichini, ila wenyewe huihesabu: odboj ya kwanza ilikuwa dhidi ya dola ya Austria-Hungaria wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ya pili dhidi ya Wanazi, na ya tatu dhidi ya Wakomunisti walioshika nchi mwaka 1948. Jenerali Alois Eliáš yumo katika mbili.

Alizaliwa Praha mwaka 1890. Jeshi la Austria lilimpeleka vitani, Warusi wakamteka, naye akajiunga na Lejioni ya Wachekoslovakia kupigana na dola ileile iliyomvika sare. Odboj ya namna hiyo haina utata: adui yuko kule, wewe uko huku.

Utata uko katika ile ya pili. Tarehe 15 Machi 1939 Wajerumani waliingia Praha na jeshi la Wacheki likavunjwa. Maofisa kadhaa, akiwamo Jenerali Josef Bílý aliyewaongoza, waliunda jeshi la siri wakaliita Obrana národa, yaani Ulinzi wa Taifa. Eliáš yeye, mwezi wa Aprili, alikubali kuwa waziri mkuu wa serikali iliyokuwa chini ya Wajerumani hao hao. Mpita njia angesema ni kibaraka tu. Kumbe alikuwa akiwasiliana kwa siri na Beneš, rais wa zamani aliyekuwa London, na akiwakingia kifua watu wa Obrana národa. Ndumilakuwili ni tusi kwetu, lakini sioni neno jingine linaloieleza kazi yake vizuri zaidi.

Septemba 1941 aliwakaribisha ofisini waandishi wa habari waliokuwa wakiwapigia debe Wanazi. Mezani palikuwa na chlebíčky, vipande vya mkate vilivyopambwa juu kwa nyama na yai, ambavyo kwa Wacheki ndicho chakula cha kumkirimu mgeni. Vilikuwa vimedungwa sumu kwa sindano. Wageni walikula, wakaaga, kisha kadhaa wakaugua. Karel Lažnovský, mhariri mkuu wa gazeti la České slovo, alifariki Oktoba. Hapo hata mimi ninayemhusudu jenerali huyu nasita kidogo: mgeni wa mezani ni mgeni.

Hata hivyo, si mikate iliyomponza. Wajerumani walikwisha kujua uhusiano wake na Otakar Klapka, meya wa Praha aliyekuwa akiwasaidia wapinzani kwa fedha. Reinhard Heydrich, kigogo wa Kinazi, alipofika Praha kushika hatamu, tarehe 27 Septemba 1941, Eliáš alikamatwa siku hiyohiyo. Kesho yake Bílý akapigwa risasi. Tarehe 1 Oktoba Eliáš alihukumiwa kifo, lakini hawakumuua mara moja. Mateka mwenye cheo kama chake ana faida akiwa hai.

Faida hiyo iliisha pale wanajeshi wa miamvuli waliotumwa kutoka Uingereza walipomshambulia Heydrich, akafa Juni 1942. Tarehe 19 ya mwezi huo Eliáš alipelekwa Kobylisy, uwanja wa shabaha pembezoni mwa Praha, akapigwa risasi. Majivu yake, pamoja na ya mkewe Jaroslava, yalizikwa kwa heshima za kitaifa kwenye kilima cha Vítkov mwaka 2006.