Mama hajui kusoma, sasa atamfundisha nini mtoto?

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Tulikuwa kwenye kikao cha kata, hapa wilayani Masasi. Nimemaliza kueleza kwa nini darasa letu la kisomo linawapokea kina mama pamoja na watoto wao ambao hawajaanza shule, mwalimu mmoja mtu mzima akanyoosha mkono: "Mama mwenyewe hajui a wala be. Mtoto atapata nini kwake? Si mtuachie sisi wa shule?" Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Huu ni mwaka wa tisa nalisikia swali hilo, na safari hii limeninyima usingizi.

Masasi ni moja ya wilaya sita zilizopewa kazi ya kufuta ujinga kabla ya mwisho wa 1971, pamoja na Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare na Rungwe. Kazi iliyofanyika miaka ile ni kubwa mno, nami naiheshimu. Lakini kampeni ilimtazama mtu mzima peke yake. Mtoto alikuwa mgongoni, ilimradi asilie. Sisi tunamshusha mgongoni.

Utaratibu ni mwepesi: kina mama wanafanya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), watoto wako na mwezeshaji mwingine chini ya mwembe, kisha dakika 40 wote pamoja. Wanaotupinga hudhani katika dakika hizo mama anamsomea mtoto kitabu. Hapana.

Mtoto, kabla ya kuijua herufi, lazima asikie kwamba neno lina vipande. Tunapiga makofi: ko-ro-sho, matatu. Ma-ha-ra-ge, manne. Sasa piga "mbuzi". Mbu-zi, makofi mawili. Haya, piga "mbu". Mwezeshaji mpya, msomi, hupiga kofi moja, kwa sababu anaziona herufi za "mbuzi" kichwani na kuzikata zilezile. Kina mama ambao hawajawahi kushika kalamu hupiga mawili bila kusita: m-bu. Na wao ndio wako sahihi! Hiyo "m" inasimama peke yake, tena ndiyo inayobeba mkazo, kama ilivyo kwenye "mtu". Uliza pia "mbuni". Akiwa ndege, mbu-ni. Ukiwa mti wa kahawa, m-bu-ni. Maandishi ni yaleyale, sikio ndilo linalotenganisha. Sikio hilo mama analo, amelipata kwa kusema na kusikiliza maisha yake yote, na anaweza kumpa mtoto leo jioni bila kusubiri amalize kitabu cha kwanza.

Vivyo hivyo vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia miibani." Mtoto wa miaka mitano anayehangaika kulifikia nanasi anajifunza kushika sentensi nzima kichwani na kuipekua mpaka imwambie jambo. Huko ndiko kusoma kwa ufahamu kunakoanzia. Wengi hapa hutega kwa Kimakua au Kiyao, nasi tunaacha iwe hivyo. Nimewahi kukemewa na mkaguzi kwa sababu hiyo. Nikamwonyesha watoto wanavyojibu, wala sikubadilisha.

Kuna jambo moja sikubali lifanyike darasani kwangu: kumsimamisha mama asome mbele ya mwanawe kitu ambacho hajakiandaa. Nimemwona mama akikwama kwenye neno "shamba", mtoto akamtajia, darasa likacheka kwa furaha, likadhani limeona jambo jema. Yule mama hakurudi tena. Tukitaka asome mbele ya mtoto, anapewa ukurasa tangu juzi yake, anaufanyia mazoezi, anakuja anaujua.

Sasa yale ninayohangaika nayo. Marekani waliendesha mpango mkubwa wa serikali wa aina hii, Even Start, tangu 1989. Ulipopimwa, familia zilizoshiriki hazikuzipita zile ambazo hazikushiriki, na mwaka 2011 fedha zikakatwa. Familia nyingi zilihudhuria saa chache kuliko ilivyopangwa. Hilo naliona hapahapa: Oktoba korosho zikianza kuanguka, darasa la watu 30 linabaki na 8. Na hao 8 pengine ni wale ambao watoto wao wangesoma hata bila sisi. Nikisema watoto wetu wanafanya vizuri darasa la kwanza, ni kweli, ila siwezi kuapa kwamba ni kazi yetu. Kina baba nao nimewashindwa kabisa. Huja siku tunayosoma stakabadhi za ghala, wakishajua kutambua kilo na daraja la korosho zao, hawaonekani tena.

Yule mwalimu wa kikaoni nimemwalika, akaja Alhamisi. Alikaa nyuma ya bibi mmoja anayelea mjukuu. Kitabu chetu siku hiyo kilikuwa kadi ya kliniki, kwa sababu kila nyumba inayo. Bibi aliweka kidole kwenye jina, silabi kwa silabi, mjukuu akipiga makofi. Walipofika mwisho, mtoto akauliza, "Bibi, huyu ni mimi?" Bibi akamwambia ndiye, kisha akamsogezea penye tarehe: "Na hapa ndipo ulipozaliwa, usiku, mvua inanyesha." Mtoto akataka kuonyeshwa mvua imeandikwa wapi. Bibi akasema haikuandikwa, akaomba kalamu.