Bulka ya simiti: hewa ndiyo ya kuogopa

Madereva wengi wanaonijia kujifunza bulka, lori la tangi linalobeba simiti ya unga, wana leseni ya CE ya malori yenye trela na uzoefu wa kutosha wa kontena au kokoto. Wanachouliza kwanza ni jinsi ya kupiga kona na tangi refu, au kurudi nyuma kwenye mjengo uliobanana kule Kilimani. Ni maswali mazuri, ila mimi huyaweka kando kwa muda. Hatari inayonitia hofu zaidi huanza lori likishasimama na kompresa ikianza kunguruma.

Tangi la bulka ni chombo cha presha. Chini lina faneli mbili, tatu au zaidi, na ndani ya kila faneli kuna kitambaa kigumu kinachopitisha hewa lakini hakipitishi simiti. Kompresa, inayozungushwa na injini ya lori kupitia PTO (kifaa kinachochukua nguvu kutoka gia ya lori) au na injini yake yenyewe, husukuma hewa chini ya kitambaa hicho. Simiti iliyokuwa imelala hulegea na kuanza kutiririka kama uji mwepesi. Hewa nyingine huingia juu ya mzigo kuusukuma, na nyingine hupita moja kwa moja kwenye laini ya kumwagia ili kuubeba mzigo hadi juu ya silo, lile tangi refu la kuhifadhia simiti kwa mteja. Njia tatu za hewa, kila moja na valvu yake. Asiyezijua hizo tatu anafungua na kufunga kwa kubahatisha.

Matangi mengi haya hufanya kazi kwa presha isiyozidi bar 2. Dereva aliyezoea kujaza tairi la lori kwa bar 8 husikia mbili na kuona ni kidogo. Basi tupige hesabu. Kifuniko cha juu chenye upana wa sentimita 50 kina eneo la karibu sentimita za mraba 1,960. Kwa bar 2, hewa ya ndani inakisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa tani 4. Hata presha ikishuka hadi bar 0.1, kiasi ambacho kwenye geji kubwa sindano haionekani kama imesogea, bado kuna kama kilo 200 zinazongoja umalize kulegeza boliti. Kifuniko kikiruka hapo, kinampata mtu usoni au kinamtupa chini kutoka juu ya tangi.

Ndiyo maana mazungumzo haya, kuhusu valvu ya kupumulia inayotoa hewa tangini, hurudiwa karibu na kila mwanafunzi:

"Mwalimu, geji iko zero. Nifungue?"

"Valvu ya kupumulia iko wazi?"

"Lakini geji iko zero."

"Sikuuliza geji, kijana."

Kijibomba cha geji huziba kwa simiti. Kikiziba presha ikiwa chini, sindano hubaki zero hata tangi likijaa hewa. Ushahidi ninaoukubali ni valvu ya kupumulia iliyofunguliwa hadi mwisho, mlio wa hewa uliotoka mpaka ukaisha, na valvu hiyo kuachwa wazi muda wote mtu yuko juu. Hata hapo, boliti zinalegezwa kidogo kidogo, uso na kifua vikiwa mbali na kifuniko, na reli ya juu imeinuliwa. Kabla ya kupanda ngazi, tazama nyaya za stima. Mijengo mingi ya Nairobi ina laini zinazopita chini kuliko unavyodhani.

Kumwaga kwenyewe kuna utaratibu wake. Lori lisimame pahali tambarare na pagumu, handbreki na kabari za magurudumu zikiwa tayari. Muulize fomani silo ni ipi na ina nafasi ya tani ngapi, kisha mtu wao aonyeshe kwamba filta ya juu inafanya kazi. Neno "iko sawa" halinitoshi. Kagua paipu yote, raba za koplingi (viungo vya paipu), na masikio ya koplingi yafungwe kwa pini au waya yasije yakafunguka kwa mtikisiko. Anza na hewa ya laini peke yake. Hewa ikipita vizuri hadi silo, jenga presha ya tangi, kisha fungua valvu ya mzigo taratibu. Mzigo wa tani 30 huchukua kiasi cha saa moja, kutegemea urefu wa silo na kona za paipu. Lori likiwa limekaa sana kwenye foleni ya Mombasa Road, simiti hushikana na kuhitaji hewa ya chini kwa muda zaidi kabla ya kutoka.

Mwisho wa mzigo ndipo pa kukaza macho. Simiti ikikaribia kuisha, paipu huanza kurukaruka, mlio hubadilika na presha hushuka haraka. Hewa yote iliyobaki tangini inakimbilia silo kwa mkupuo. Silo si chombo cha presha: imejengwa kuvumilia sehemu ndogo sana ya bar moja, na filta yake ikiwa imeziba, paa linaweza kung'oka. Kwa hiyo dereva awe amesimama pale pale kwenye valvu, aibane, apunguze hewa, na hewa iliyobaki aitolee kwenye valvu ya kupumulia. Sina huruma na dereva anayemwachia tanboi valvu dakika hizo ili akanywe chai.

Paipu ikiziba, watu hukimbilia nyundo. Acha. Funga valvu ya mzigo, zima hewa, toa presha ya laini na ya tangi, ndipo ufungue koplingi. Paipu yenye presha ikifunguka mkononi hupiga huku na huku na inaweza kuvunja mguu. Na kuna fomani atakayekuambia ufunge sefti valvu kwa waya ili mzigo utoke haraka. Mkatalie mbele ya watu wote. Valvu hiyo ndiyo kinga ya mwisho kati yako na tangi linalopasuka, na vyombo vya presha vinahitaji kukaguliwa na mtaalamu aliyeidhinishwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, si kurekebishwa kwa waya wa kufungia nondo.

Simiti yenyewe haina haraka ya kuumiza. Ikikutana na jasho inakuwa kali, pH ya 12 hadi 13, na huunguza ngozi bila maumivu ya mwanzo. Mtu huhisi baadaye, ngozi ikishaharibika. Sehemu mbaya ni kifundo cha mkono pale glavu inapoishia, na ndani ya buti. Jichoni, suuza kwa maji safi dakika 20 bila kukatiza huku ukitafutiwa hospitali. Saiti nyingi mfereji hauna maji, kwa hiyo lori libebe mtungi wake. Na hakuna sababu ya mtu kuingia ndani ya tangi kufagia mabaki bila kibali, bila mtu wa kumlinda nje, na kompresa bila kufungiwa isiweze kuwashwa.

Ukihamia kubeba unga wa ngano, ongeza jambo moja: simiti haiwaki, lakini vumbi la unga hulipuka kwa cheche ndogo, basi waya wa ardhi wa kuondoa umeme tuli uunganishwe kabla ya paipu.

Barabarani nina machache. Tangi liko juu, na simiti iliyopakiwa sasa hivi bado ina hewa na husogea, kwa hiyo mizunguko ya barabara utokapo Athi River ichukuliwe polepole kuliko unavyotamani. Lori la ekseli sita lisizidi tani 50 kwenye mizani.

Mafunzo yangu huanza na tangi tupu. Mwanafunzi hujenga presha, huitoa, huijenga tena, huku nikimwuliza hewa iko wapi kwa kila nafasi ya valvu. Akiweza kunijibu bila kutazama lebo, ndipo namruhusu kuunganisha paipu kwenye silo ya mteja.