Zahanati ya mgodi: zawadi au wajibu?

Wakazi wengi wa maeneo ya migodi huamini kwamba kampuni inapojenga zahanati au kuchangia madawati, imetoa zawadi, na mpewa zawadi haulizi bei. Imani hiyo haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi mambo hayo yalitegemea kweli utashi wa kampuni.

Kwa Tanzania, hali ilibadilika mwaka 2017. Tangu hapo Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, yaani wa miradi kama hiyo ya zahanati na madawati, akubaliane na halmashauri, na mpango uzingatie vipaumbele vya eneo husika. Halmashauri nayo ina jukumu la kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini inayolipwa serikalini, na kodi ni malipo mengine kabisa, zahanati haiyafuti.

Kukagua si kazi ngumu. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, omba kuona mpango wa mwaka huu. Dawati moja limeandikwa shilingi ngapi? Kisha pitia kwa fundi seremala wa jirani, umuulize yeye angelichonga kwa bei gani.