Umeme wa moyo unachelewa wapi?

Mtu akifika kliniki kwa sababu ya kuzimia ghafla, kipimo cha kwanza ni ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Karatasi yake hutembea milimita 25 kwa sekunde, hivyo kisanduku kidogo kimoja ni sawa na milisekunde 40. Tunahesabu kuanzia mwanzo wa wimbi P, la chemba za juu za moyo, hadi mwanzo wa QRS, la chemba za chini. Visanduku vitatu hadi vitano, yaani milisekunde 120 hadi 200, ni kawaida kwa mtu mzima. Hiyo ndiyo PR.

Wengi inawatosha. Ila PR ni jumla tu. Ndani yake umeme umepita kwenye chemba za juu, ukachelewa kidogo kwenye kifundo cha AV kilicho kati ya chemba za juu na za chini, kisha ukashuka kwa fungu la His, nyuzi zinazopitisha umeme, na matawi yake hadi chemba za chini. Jumla haisemi umekwama wapi, na hapo ndipo hatari hutofautiana.

Tangu Benjamin Scherlag na wenzake walipoeleza njia ya kuipima kwa katheta nchini Marekani mwaka 1969, tunaweza kuisikiliza His yenyewe. Mgonjwa hupigwa ganzi kwenye kinena, katheta nyembamba ikapitishwa kwenye mshipa wa paja na kuongozwa kwa eksirei hadi karibu na vali iliyo kati ya chemba mbili za kulia. Kwenye skrini hutokea alama tatu: A kubwa ya chemba ya juu, V kubwa ya chemba ya chini, na katikati kijimwiba chembamba, H. Kutoka A hadi H kwa kawaida ni milisekunde 50 hadi 120, na kutoka H hadi V ni 35 hadi 55. Hiyo HV kwenye karatasi ya kawaida ingekuwa kisanduku kimoja na ushei, ndiyo maana tunaharakisha mwendo hadi milimita 100 kwa sekunde au zaidi.

Chukua mfano wa watu wawili. Wa kwanza ana PR ya 240, lakini AH yake ni 165 na HV ni 45. Ucheleweshaji uko kwenye kifundo, ambacho hubadilika kwa usingizi, mazoezi na dawa. Mara nyingi hatuna haraka naye. Wa pili ana PR ya 190, ambayo wengi wangeiita nzuri, ila QRS yake ni pana kwa kuwa tawi moja limeziba, na HV ni 80. Huyu ndiye anayenitia wasiwasi. Miongozo ya Ulaya inashauri betri ya moyo kwa aliyezimia, mwenye tawi lililoziba na HV ya 70 au zaidi.

Kupima kwenyewe kunahitaji umakini. V haisomwi kwenye katheta peke yake. Tunatafuta dalili ya mapema kabisa, hata ikitokea kwenye mstari mwingine wowote kati ya 12 ya ECG. HV ikitoka chini ya 35, kabla ya kufurahi tunajiuliza: je, tumesoma tawi la kulia tukidhani ni His, au kuna njia ya ziada ya umeme, kama kwa wagonjwa wa Wolff-Parkinson-White?

Ukipangiwa kipimo hiki, njoo na ECG zako za zamani na orodha ya dawa zote. Baadhi ya dawa za kupunguza mapigo husitishwa kabla, lakini usiziache mwenyewe. Daktari ndiye atakuambia lini.