Tembo wanaitana majina? Tupige hesabu kwanza

Watu wakisikia kazi yangu ni hesabu za sauti za wanyama swali ni lilelile, haya tembo anasema nini. Mi sijui bana, mi nahesabu tu. Ila yale matokeo ya Juni 2024 ya Amboseli na Samburu kule Kenya, kwamba tembo wanaitana kwa kitu kama majina, naona wengi wanayakataa kwa sababu ya namba moja, 27.5.

Iko hivi. Mtafiti Michael Pardo na wenzake walikuwa na miito 469, ya tembo 101 wakiwaita wenzao 117. Ni ile ngurumo nzito ambayo sehemu yake iko chini ya hezi 20, sikio letu halishiki. Kwenye spektrogramu, yaani picha ya sauti, unaiona kama mistari imelazwa mmoja juu ya mwenzake, inapanda kidogo, inashuka, na ukiniwekea miito miwili hapo mezani kwa macho sioni tofauti. Ndo maana inageuzwa namba, nguvu ya sauti iko kwenye masafa gani (uzito au wembamba wake), inahamaje, halafu inaingia kwenye programu yenye miti ya maamuzi kibao, kila mti unapiga kura "huyu anaitwa fulani", wengi wape.

Programu ikapatia nani anaitwa kwenye asilimia 27.5 ya miito. Mtu anasema si imekosa karibu robo tatu, hiyo si bahati nasibu? Hapana, bahati nasibu nayo inapimwa! Mi huwa nachanganya majina kama karata, nayagawa upya ovyo kwenye miito, naifundisha programu upya, narudia weee mpaka nijue kubahatisha kunafika wapi. Wao walipoilisha yao data ya ovyo ikapata asilimia 8. Sasa 27.5 mbele ya 8, na wanaoitwa ni zaidi ya mia, hiyo sio ndogo hata kidogo.

Ila na kubwa nayo iogope. Kuna rekodi niliwahi kupewa, programu siku ya kwanza ikapatia karibu kila kitu, nikajiona nimetoboa, nikawatangazia mpaka watu wa ofisini. Kuja kuangalia picha vizuri, miito yote ya kumuita jike mmoja ina mstari umenyooka chini pale, hautikisiki. Ngurumo ya tembo inapinda, injini haipindi. Yaani miito yake yote ilirekodiwa asubuhi moja gari halijazimwa, programu ikajifunza gari! Siku hizi rekodi za siku moja haziendi huku za kufundishia na kule za kupimia, zinakaa upande mmoja tu, na asilimia zikishuka zishuke.

Wenzetu hawakuishia kwenye kompyuta, waliwapigia tembo 17 miito kwa spika, na akisikia wa kwake anasogea na kujibu haraka kuliko akisikia wa mwenzie. Kazi iliyobaki ni kulikata hilo jina likae peke yake, maana ngurumo hiyohiyo moja imebeba pia nani anaita na yuko kwenye hali gani, vyote vimechanganyika humohumo kama pilau.